MAMA WA UJI SI WEZI

Ndugu wanaushirika,

Maneno yanazagaa hapa Mabatini eti akina mama wanaopika uji wa shule wanaiba unga. Nauliza: unga upi? Elimu bila malipo ilipoanza 2016, chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki kwetu wazazi. Daftari ninalo mimi. Anayepiga kelele zaidi huko kilabuni hajaleta hata kilo moja tangu muhula uanze, na mtoto wake anakunywa kila siku. Huo ndio unyonyaji, ndugu! Dagaa wa ziwa letu nao tunauza wakalishwe kuku, watoto uji mtupu. Akina mama wale wanaamka saa kumi alfajiri, kuni wanabeba wenyewe, malipo hawana. Mizani iko ghalani. Jumamosi saa nne njooni mpime, na unga wenu mkononi.

Katibu wa Tawi