Hodi kwenye Mlango Wangu

KWENYE MBABULA
Na Papa Mbabula

Jumanne alfajiri nilipiga hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe. Hakuna aliyeitikia, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa nje, mtupu, ameshika pembe ya taulo lililobanwa na mlango.

Msicheke kwanza. Nafasi ya kucheka nimewaachia huko chini.

Nasema mapema tusipotezeane muda: kosa si langu. Kosa ni la hii milango ya chuma inayojifunga yenyewe, ambayo siku hizi kila lupango, yaani kila ua wa Lubumbashi, unaona haya kutokuwa nayo. Mlango unaofunga bila kuombwa si mlango, ni askari asiyejua nani anamlipa. Shemeji yangu, yule fundi wa kila kitu mnayemfahamu, ndiye aliyenishawishi. "Papa, majambazi hawaingii hapa." Kweli, hawajaingia. Na mimi pia sikuingia.

Chanzo ni maji. Robine ya kila nyumba mtaani kwetu hulala mchana, huamka saa kumi usiku na kukohoa kama mzee aliyestaafu mgodini. Ukisikia kile kikohozi huna wakati wa kutafuta suruali. Unakimbilia bidoni kabla majirani hawajafungua za kwao. Isitoshe huu ni Oktoba, mvua bado, joto limekaa ndani kama mgeni asiyeaga. Mtu wa umri wangu analalaje mwezi wa Oktoba ni siri yake na shuka lake. Nikajifunga taulo la buluu, nikatoka mbio. Upepo ukaupiga mlango nyuma yangu: klap! Nikaenda hatua mbili. Taulo halikuenda.

Sasa nifikirieni. Nikibaki mlangoni nimesitirika, ila kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nikitoka pale ni uchi wa mnyama. Na robine iko hatua kumi, inamwaga maji ardhini. Nilivumilia kidogo, halafu nikaliacha taulo likining'inia, nikakimbia kuweka bidoni chini ya robine, nikarudi kwenye kamba yangu. Bidoni ikajaa, nikakimbia tena. Mara tatu hivyo. Mtu wa Lubumbashi haachi maji yamwagike eti kwa sababu ya aibu.

Madirisha? Yana antivoli, nondo nene, kazi ya shemeji huyohuyo. Funguo? Ziko tatu. Wa kwanza ulikuwa kwenye msumari ndani, niliweza hata kuuona kupitia kioo. Wa pili mkobani mwa mke wangu aliyekwenda msibani Likasi, kilomita 120. Wa tatu kwa shemeji, Kipushi, kilomita 30, jirani na mpaka wa Zambia. Ng'ambo ya ukuta wangu anakaa jirani wa jenereta, tumepakana naye miaka 19, na yeye hana hata mmoja. Wakati nakua Kamalondo mlango wetu ulikuwa na pazia mchana kutwa, na ufunguo wa usiku ulijulikana unakaa kwa mama wa nyumba ya pili. Aliweza kuingia kwetu kuchukua chumvi, akatoka, tusijue mpaka supu iwe haina ladha. Leo mtu anampa ufunguo shemeji wa Kipushi.

Kukaribia mapambazuko wakaanza kupita wale vijana wa makala wanaosukuma kinga zao, yaani baiskeli, kutoka porini, magunia yamefungwa nyuma hadi kinga yenyewe haionekani. Ukuta wangu unanifika kifuani, nikasimama nyuma yake kama mheshimiwa kwenye jukwaa na kumwita mmoja.

"Jambo papa," akasema kwa heshima.

"Jambo, mwanangu. Una gunia tupu?"

"Niko nalo. Faranga elfu moja."

"Nipe, nitakulipa baadaye."

Akanyoosha shingo, akatazama ng'ambo ya ukuta, akarudisha macho kwake taratibu. "Papa," akasema, "utatoa mufuko wapi?" Lakini alinipa. Huyo kijana, popote alipo, namdai Mungu ambariki, na yeye ananidai elfu moja.

Nikatoboa matundu matatu, nikavaa. Gunia la makala halina ubaya ila moja: lina makala. Vumbi lilinishukia kuanzia utosini, na kufikia mwanga wa kwanza nilikuwa mweusi kama sufuria ya bukari. Hapo ndipo mke wa jirani alipotoka kuchota maji yake.

"Mukuye! Mulozi anaanguka! Mulozi anaanguka kwa lupango ya Papa Mbabula!"

Kule Kenya, upande wa Nyanza, ningeitwa jajuok, mkimbiaji wa usiku, na nasikia kule wameshawazoea. Huku kwetu mulozi anayekutwa uchi alfajiri hutangulizwa mawe, jina huulizwa baadaye. Nilijiokoa kwa kupaza sauti na kuitukana jenereta ya mumewe, matusi yaleyale ninayoyatoa kila jioni. Mawe yakashuka. "Papa, njo weye?" Njo mie.

Lakini mtaa ulikuwa umeshatoka. Watoto wa shule, mama wa mikate, mzee wa kanisa, na simu zao hewani. Wenye umri wangu wanazikumbuka zile picha za "Colonie belge" zilizotundikwa sebuleni kwa baba zetu miaka ya 1970. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa hapahapa Lubumbashi, alizichora nyingi. Mfungwa amelazwa kifudifudi, makalio wazi, askari ameinua kiboko, Mzungu anasimamia. Nikiwa mtoto nilidhani kinachouma ni kiboko. Jumanne, nikiwa nimeegemea ukuta, niliwakumbuka wale waliochorwa pembeni, wamesimama tu, wanatazama. Na nilimkumbuka Mr. Bean, kile kipindi cha 1993 anapofungiwa nje ya chumba cha hoteli bila uzi mwilini. Mimi na mjukuu wangu tulikicheka Pasaka nzima. Namwomba radhi Mr. Bean.

Jirani wa jenereta akaja na msaada. Haya, sasa chekeni. Alileta jezi. Nyeusi na nyeupe. Ya Mazembe.

Wasomaji wa safu hii wanajua damu yangu ni ya Lupopo, timu hasimu ya Mazembe, tangu baba alipokuwa reli. Najua mtanikumbusha: Mazembe ana makombe matano ya mabingwa wa Afrika, Mazembe alicheza fainali ya dunia na Inter mwaka 2010. Akafungwa tatu bila, nanyi kumbukeni hilo. Jirani alikuwa ameshikilia ile jezi mbele ya umati, anatabasamu, anajua anachofanya. Tena jezi yenyewe huishia kiunoni, na shida yangu ilikuwa chini ya kiuno. Nikamshukuru, nikabaki na gunia.

Simu alinipa. Namba pekee niliyo nayo kichwani ni ya mke wangu, kwa hiyo habari ilibidi ipite Likasi, msibani. Naambiwa aliipokea katikati ya kilio, akauliza "Uchi kabisa?" kwa sauti, na wafiwa walicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Shemeji akafika saa tano na ufunguo wa tatu. Hakutoa pole. Aliukagua mlango, akapapasa kitasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Unaona, Papa? Haufunguki."

Nauza huo mlango. Ni wa chuma, una bawaba mpya, funguo tatu, na uzi wa taulo la buluu bado umenasa kwenye fremu. Anayeutaka aje jioni, jenereta ya jirani itamwonyesha njia. Nyumba kwa sasa ina pazia, na kitasa cha zamani cha kufungia usiku. Ufunguo wake unakaa kwa mke wa jirani, yule aliyeniita mulozi. Jana alikuja kuchukua chumvi.