Mchezo wa kukisia bia usifutwe, ubadilishwe

Mchezo huu umeingia vimbwetani na haujatoka. Mtu anakuonyesha picha kwenye simu: glasi ya kinywaji cheusi tii, povu zito juu. Kidokezo: Dublin. Kabla hajamaliza, watu watatu wameshapiga kelele, "Stauti!" Inakuja ya pili, ya njano yenye ukungu. Kidokezo: ngano, Ujerumani. Hapo pia kuna anayejua. Sasa baadhi yetu wanataka mchezo uondolewe kwenye mashindano ya wiki ya utamaduni kwa madai kwamba unashabikia ulevi. Jamani, kukisia hakulewesha mtu. Kasoro yake mimi naiona kwingine kabisa.

Mchezo unauliza sura, na sura ya bia inadanganya. Weusi wa stauti unatokana na shayiri iliyokaangwa sana. Haukuambii chochote kuhusu ukali wake. Tofauti ya laga na eli nayo huioni kwenye glasi, kwa sababu iko kwenye hamira. Hamira ya laga hufanya kazi kwenye baridi, polepole, kisha hutuama chini. Ya eli hupenda joto na huelea juu. Glasi mbili zinaweza kufanana kama pacha, moja laga, nyingine eli. Kwa hiyo anayejibu haraka mara nyingi anakumbuka tangazo tu.

Juzi mtu alileta picha ya kibuyu, ndani kinywaji cha kahawia, kizito, chenye chenga. Kidokezo: ndizi. Kimya. Ulezi. Kimya. Gome la mti uitwao msesewe. Ndipo jamaa mmoja wa Kibosho akacheka: "Si mbege hiyo!" Akatueleza, na kusema kweli alitufundisha zaidi ya mihadhara kadhaa. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi, huachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchujwa. Ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji. Hicho ndicho kimea, ambamo vimeng'enya hugeuza wanga kuwa sukari. Msesewe huleta uchungu, kazi ileile inayofanywa na hopsi kwenye bia ya kiwandani.

Ulanzi wa Iringa na Njombe ni habari nyingine: hakuna kupika. Unakata ncha ya chipukizi la mwanzi msimu wa mvua, unakinga utomvu, na hamira iliyoko kwenye mazingira inamaliza kazi. Asubuhi mtamu, jioni mkali.

Na wanaosema hayo ni mambo ya vilabuni, hayana hadhi ya chuo, wafike maabara ya biolojia. Mwaka 1893 Paul Lindner alieleza hamira iliyopatikana kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, ikaitwa Schizosaccharomyces pombe. Ndiyo, pombe, neno letu hilihili. Kwa hamira hiyo Paul Nurse alichunguza jinsi seli zinavyogawanyika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel.

Mimi nasomea ualimu, ndiyo maana jambo hili linanikera. Kwenye mazoezi ya kufundisha niliandika ubaoni mlinganyo wa uchachushaji, darasa zima likaukariri bila shida. Nikauliza nani kwao kunapikwa pombe. Hakuna mkono. Walitazamana kwa aibu, na baadhi yao nina hakika madaftari yao yamenunuliwa kwa pesa hiyohiyo ya pombe. Mwishowe binti mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba bibi yake hafuniki chungu kwa kukibana, kwa sababu "kinapumua". Huyo alikuwa ameielewa kaboni dayoksaidi kuliko wote waliokariri. Tukiendelea kushangilia glasi za Dublin na kukaa kimya mbele ya kibuyu, aibu ile ndiyo tutakayokwenda nayo madarasani.

Gongo siiombei nafasi. Hiyo hukenekwa, na pombe za kienyeji za namna hiyo zimeshaua watu. Nazungumzia vya kuchachushwa, na hata hivyo kwa picha tu. Asiyekunywa kwa dini yake au kwa hiari yake anacheza sawa na wengine.

Ombi langu kwa wanaoandaa mashindano: jina la kinywaji liwe na pointi moja, namna kinavyotengenezwa pointi mbili. Na jaji aalikwe mama mpishi, alipwe posho kama majaji wengine.

Jaribuni hii. Picha: chungu kimoja katikati, watu wameketi duara, kila mmoja na mrija mrefu. Vidokezo: ulezi, mashariki ya Uganda, birika la maji ya moto. Ukisema malwa umepata moja. Mbili zilizobaki ni za atakayeeleza kwa nini maji yale ya moto yanaongezwa tena na tena.