Mlima Wetu Si Lebo ya Chupa



Ndugu wapendwa, wapo wanaosema kwamba tangazo la biashara kwenye televisheni ni kelele tu za kujaza nafasi kati ya taarifa ya habari na tamthilia. Nawapinga. Tangazo ni sanaa: lina muziki, lugha, picha na waigizaji, na kwa nusu dakika hufundisha jambo ambalo mtoto hulikariri kabla hajaijua Nasadiki. Humwambia Mtanzania yeye ni nani. Kwa hiyo lihukumiwe kama sanaa, lisipuuzwe.

Tazameni majina: Kilimanjaro, Serengeti, Safari, Ndovu. Yote ni majina ya bia. Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alitamka nia ya kuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro, uwape tumaini hata walio nje ya mipaka yetu, na mwaka 1961 Mwenge wa Uhuru ukapandishwa kileleni. Leo mlima uleule unatumika kumwambia kijana kwamba fahari ya nchi imo ndani ya chupa. Hata Taifa Stars imewahi kudhaminiwa na bia ya Kilimanjaro na ile ya Serengeti kwa nyakati tofauti.

Wataniambia: “Padre, Yesu aligeuza maji kuwa divai kule Kana.” Ni kweli, na Kanisa halikuharamisha kinywaji. Lakini divai ile ilikuwa ya arusi. Haikuuzwa kwa jina la Mlima Sayuni. Watasema pia kwamba kampuni hizo zinalipa kodi. Tunashukuru, lakini kodi hainunui haki ya kututafsiria uzalendo. Na uzalendo gani huo? Kampuni ya Bia Tanzania ilibinafsishwa mwaka 1993, na mwaka 2016 ikaingia mikononi mwa AB InBev ya Ubelgiji. Mlima ni wetu, faida kubwa inavuka bahari.

Februari 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa waraka juu ya maadili ya matangazo, likaweka vipimo vitatu: ukweli, hadhi ya binadamu, na wajibu kwa jamii. Tuvitumie. Tangazo la bia huonyesha kicheko cha jioni. Halionyeshi asubuhi yake, wala ada ya shule iliyoishia baa. Mkulima wa vitunguu wa hapa Nduruma, anayekesha akingoja zamu yake ya maji ya mfereji, haonekani humo. Je, yeye si Mtanzania? Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo. Kulishuhudia taifa zima uongo si dhambi ndogo zaidi.

Wiki hii, katika jumuiya zetu ndogondogo, chagueni tangazo moja mlipime kwa vipimo hivyo vitatu. Nanyi wazazi, wasimulieni watoto habari za Mwenge ule, kabla chupa haijawasimulia habari za mlima.

Mungu awabariki.

Paroko wenu