Tarehe Moja Mwezi wa Kumi na Mbili

Shangazi yangu aliruhusiwa kutoka hospitali mwezi wa Juni, presha imeshuka, mkononi ana bahasha ya vidonge vya siku 30. Agosti nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta amejilaza barazani, kichwa kinamgonga, hata kuinuka kunampa kizunguzungu. Dawa zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Nikamuuliza, mbona hukurudi kliniki, shangazi? Akaniagiza ndani nimletee mfuko wa nailoni anamohifadhi kitambulisho chake, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri, akaniwekea kidole pale. "Tarehe yangu bado, baba. Wameniandikia tarehe moja mwezi wa kumi na mbili."

Karatasi ilisema: RTC 1/12. Wauguzi na madaktari wanajua maana yake, kwamba mgonjwa arudi baada ya mwezi mmoja. Kwa mkato wao siku huandikwa juu ya 7, wiki juu ya 52, miezi juu ya 12. Shangazi alimaliza darasa la saba na anasoma vizuri. Aliisoma ile karatasi kama sote tunavyosoma tarehe, kisha akatii alichosoma.

Toleo hili tumelitenga kwa lugha ya tiba, na nimeanza na karatasi ya shangazi kwa sababu. Mjadala huu kwa kawaida hukimbilia chumba cha daktari, na humo, tuseme haki, Watanzania wengi wanahojiwa kwa Kiswahili na wanaelewa. Shida inaanza mgonjwa anapotoka. Aliyoambiwa akiwa na homa na hofu atayakumbuka nusu, pengine robo. Nyumbani anabaki na maandishi, nayo ni mkato wa Kiingereza na Kilatini: OD, BD, TDS, PRN. Hata ile "1 x 3" ya kwenye bahasha, tunayodhani haina asiyeijua, nimemwona mtu mzima akiitekeleza kwa kumeza vidonge vitatu asubuhi kwa mpigo mmoja.

Najua jibu la madaktari. Wamesomea Kiingereza, na faili litasomwa na daktari mwingine pengine katika hospitali ya rufaa. Sina ugomvi na faili. Hilo ni la hospitali. Karatasi anayokwenda nayo mgonjwa ni yake, na isiposomeka kwake haina kazi.

Wala tusiambiwe Kiswahili hakitoshi. Kadi ya kliniki ya wajawazito imeandikwa kwa Kiswahili, na mama anajua mlalo wa mtoto wake ni upi. Wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, ugonjwa ule haukuwa na jina katika lugha yetu. Leo UKIMWI na VVU ni maneno ya mtoto wa shule. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Anayeshtakiwa kwa wizi wa kuku ana lugha yake mbele ya hakimu. Mwenye kisukari naye anastahili hivyo hivyo mbele ya dirisha la dawa.

Wapo pia ambao Kiswahili chenyewe ni kigeni kwao. Bibi wa Kimaasai analetwa zahanati na mjukuu wa kiume wa miaka 12, ndiye mkalimani. Bibi huyo atamwambiaje mjukuu kwamba anatokwa damu ukeni? Hasemi. Anasema tumbo linauma, anapewa dawa ya tumbo, anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Kiziwi anayeingia bila mtu wa lugha ya alama yuko katika hali hiyo hiyo. Huko kunahitaji wakalimani walioajiriwa na kulipwa, jambo la bajeti na la miaka. Wenzetu wanalijadili kwa kina katika kurasa za ndani.

Lakini karatasi ya shangazi haingojei bajeti. Daktari, muuguzi, mfamasia unayesoma hapa: kesho asubuhi, kwa kalamu hiyo hiyo uliyonayo, andika "Kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku." Andika "Rudi Jumatatu, tarehe 14 Julai." Kisha mwombe mgonjwa akusomee kabla hajaondoka.