Sahihi ya mume si sharti

Mama mfanyabiashara wa Butembo, mashariki mwa Kongo, anaagiza vikwembe ng'ambo, anapatana bei, anapitisha mzigo mpakani Kasindi, na deni la kila mteja analijua hadi dola ya mwisho. Halafu anaketi mbele ya mkopeshaji, anaulizwa: "Mama, sahihi ya bwana iko wapi?" Ruhusa hiyo ya mume ilifutwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Anayeendelea kuidai anakiuka sheria.

Ili mkataba uwe halali, dekreti ya 1888 kuhusu mikataba inataka mambo manne: ridhaa ya anayejifunga, uwezo wake kisheria, kitu kinachojulikana na sababu halali. Sheria ya Familia ya 1987 ilimnyima mke uwezo huo: asinunue, asiuze, asijifunge bila ruhusa ya mume. Hata mume alipotoa ruhusa ya jumla, aliweza kuifuta siku yoyote apendayo, mzigo ukiwa tayari njiani. Ilikuwa aibu kwa mji unaoishi kwa biashara.

Wanaong'ang'ania ruhusa hiyo hujikinga na kifungu cha 444 cha Sheria ya Familia, kinachomwita mume mkuu wa nyumba. Kifungu kipo, na tungependa kiondolewe. Lakini hakimfanyi mke kuwa mtoto mdogo. Sheria ya 2016 inadai wanandoa wakubaliane wanapojifunga. Wasipoelewana, aliyeumizwa aende Mahakama ya Amani. Sharti hilo linawabana wote wawili. Baba anayeuza parsele, mkewe akaja kujua siku wanunuzi wanapopima mipaka, amelivunja. Mbona yeye haulizwi sahihi ya mke?

Beni jambo hili linauma zaidi. Tangu mauaji ya raia yalipoanza huko Oktoba 2014, wanawake wengi wamebaki wajane, na wengine hawajui waume zao waliotekwa wako wapi. Mjane hakuhitaji ruhusa ya mtu hata chini ya sheria ya 1987. Kumwambia alete shemeji ndipo akodishiwe duka ni uonevu mtupu, na anayeufanya asijifiche nyuma ya mila.

Benki, vyama vya akiba, wenye nyumba na ofisi za ardhi wafute mstari wa sahihi ya mume kwenye fomu zao wiki hii. Mama atakayekataliwa adai sababu kwa maandishi, yenye jina na sahihi ya aliyemkataa, kisha aipeleke mahakamani.