Anwani za Intaneti Zina Bei: Wanaochangia Wafunge Milango

Wafanyabiashara wanaofuatilia kila wiki bei za korosho, dhahabu na dola hawana budi kuongeza bidhaa nyingine katika orodha yao: anwani za intaneti. Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu duniani kote, na akiba kuu iliisha Februari 2011. Mwaka huo huo Microsoft ilinunua anwani 666,624 za kampuni iliyofilisika ya Nortel kwa dola milioni 7.5, yaani zaidi ya dola 11 kila moja. Februari 2024 Amazon ilianza kuwatoza wateja wanaokodi kompyuta zake nusu senti ya dola kwa saa kwa kila anwani ya umma, sawa na dola 43.80 kwa mwaka.

Kwa hali hiyo, ofisi za jengo moja kuchangia fungu dogo la anwani ni uamuzi wa busara. Fungu la anwani 8 kwa kawaida hutoa 6 za kutumika, na moja huchukuliwa na ruta. Katika 5 zinazobaki, wakala wa forodha anaweza kupewa moja na duka la jumla nyingine. Wapangaji wengine wote hutoka nje kwa anwani moja, ruta ikibadilisha anwani zao za ndani, mathalani zile zinazoanzia 192.168.

Hata hivyo, kuchangia bila ulinzi ni hasara inayosubiri siku yake. Mwenye anwani yake ya umma yuko barabarani, na kila mpita njia anaweza kujaribu kitasa chake. Fayawoli ya ruta ipangwe kukataa kila kinachoingia, kisha ifungue mlango mmoja mmoja unaohitajika, kama vile namba 443 kwa tovuti ya duka, tena kwa anwani ya duka hilo tu. Mitandao ya wapangaji itenganishwe, nywila ya kiwandani ibadilishwe, na mipangilio ya ruta isifikiwe kutoka nje.

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kompyuta moja yenye virusi ikimwaga barua taka, anwani huingizwa katika orodha ya wanaokataliwa, na wakati mwingine fungu zima. Ankara ya mpangaji asiye na kosa haimfikii mteja wake, na malipo yanachelewa.

Kwa hiyo fundi peke yake hatoshi. Kabla ya kulipa kodi ya kwanza, wapangaji waandikiane: nani anashika nywila ya ruta, nani anamlipa fundi, na anwani ipi ni ya barua peke yake. Karatasi hiyo moja ni rahisi kuliko wiki moja ya biashara iliyosimama.