Jina la Kiyunani, Kazi ya Wengi

Wanafunzi wetu hunakili madaftarini kwamba jiografia ilianza Uyunani, kisha hufungua ukurasa mwingine. Hatukatai kwamba neno lenyewe ni la Kiyunani, na maana yake ni kuiandika dunia. Tunachokataa ni mtu kulichukua jina la kitu akalifanya hati ya kukimiliki kitu chenyewe.

Na tumtazame huyo anayesifiwa kwa kulitunga neno hilo. Eratosthenes alizaliwa yapata mwaka 276 K.K. mjini Cyrene, katika nchi ambayo leo ni Libya, akaisimamia maktaba ya Alexandria, Misri. Alikuwa Myunani kwa lugha na malezi, wala hatuwapokonyi Wayunani mtu wao. Lakini sifa yake kuu aliipatia wapi? Adhuhuri ya siku iliyo ndefu kuliko zote za mwaka, jua lilikuwa utosini huko Syene, ndiyo Aswan ya leo, na kijiti kilichosimama wima hakikuwa na kivuli. Alexandria kivuli kilikuwapo, na pembe yake ilikuwa sehemu moja ya hamsini ya duara. Umbali kati ya miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000. Akazidisha mara 50, akapata mzingo wa dunia, stadia 250,000. Hesabu ni yake, tena ya kustaajabisha. Ila jua, kivuli na umbali vilikuwa vya Misri, ambako wenyeji walipima mashamba kwa kamba kila Nile ilipofuta mipaka, karne nyingi kabla Alexandria haijajengwa mwaka 331 K.K. Wayunani wenyewe hawakuona haya kukiri hayo: Herodotus aliandika katika karne ya 5 K.K. kwamba elimu ya kupima ardhi ilitoka Misri ikaingia Uyunani. Wakaidi ni hawa waliokuja nyuma, wanaowasifu kuliko walivyojisifu wao.

Wala hatuwaungi mkono wenzetu wanaodai kwamba kila kitu kilikuwa chetu. Tunadai fungu letu tu. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1 B.K., Periplus, kinautaja mji wa Rhapta katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, na kueleza kwamba uliitwa hivyo kwa ajili ya mashua zake za kushonwa. Anayeujua mtepe hahitaji kufasiriwa. Katika karne ya 2 Ptolemy, naye wa Alexandria, aliuandika mji huo katika jiografia yake kwa habari zilizoletwa na mabaharia. Nao mabaharia, walipotia nanga Rhapta, walimwuliza nani habari za bara?